Kuenea, Kuenezwa na Kuzaliana: Maana za Neno 'Propagation' kwa Mifano ya Mto Tana na Garsen

Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anapolikuta neno la Kiingereza 'propagation', aghalabu kalamu yake hukimbilia neno moja tu: uenezi. Likitokea katika kitabu cha kilimo, huwa ni uenezi wa mimea. Katika fizikia, uenezi wa mawimbi. Katika historia ya dini, uenezi wa imani. Katika tiba, uenezi wa maradhi. Na katika siasa, uenezi wa itikadi. Desturi hii ina faida isiyofaa kubezwa, kwani istilahi moja inayotumika katika taaluma nyingi humpunguzia mwanafunzi mzigo. Hata hivyo, faida hiyo hununuliwa kwa bei kubwa.

Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno mahali hapa, bali kina wingi. Enea, eneza, zaliana, pandikiza, ambukiza, sambaa, pokezana na chochea ni vitenzi ambavyo kila kimoja hulitazama tukio kutoka upande wake. Anayevibadilisha vyote kwa uenezi hupoteza habari iliyokuwa ndani ya sarufi yenyewe, hasa habari ya nani alitenda na nani alitendewa.

Mifano imetolewa katika Kaunti ya Tana River, hususan mji mdogo wa Garsen na delta inayouzunguka. Sababu ya uteuzi huu ni kwamba maana zote za neno hili zimepata kukutana huko: mto unaofurika, mmea mgeni ulioteka malisho, kima adimu, misheni za karne ya 19, homa ya mifugo, na ghasia zilizoacha makaburi.

Asili ya neno

Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, na asili hiyo ni ya shambani. Wakulima wa mizabibu wa Kirumi waliita 'propago' tawi linaloinamishwa na kufukiwa udongoni hadi litoe mizizi, kisha likatwe na kuwa mmea unaojitegemea. Kutoka huko neno likapanda daraja hadi kanisani. Mwaka wa 1622 Papa Gregory XV aliunda idara ya kusimamia kazi za misheni, ambayo jina lake la Kilatini lilibeba maneno 'propaganda fide', yaani imani inayopaswa kuenezwa. Idara hiyo ilibadilishiwa jina mwaka wa 1967, lakini kipande kimoja cha jina la zamani kilikuwa kimekwisha kutoroka na kuingia katika siasa za dunia nzima kama propaganda.

Safari ya Kiswahili ni tofauti. Enea si neno la mbegu wala tawi. Ni neno la kipimo. Kanzu iliyomkaa mtu sawasawa husemwa kwamba imemwenea. Chakula kisichowatosha wageni husemwa kwamba hakikuwaenea. Nomino eneo hutaja ukubwa wa mahali. Katika kiini cha enea, basi, mna wazo la kitu kujaza nafasi iliyokuwapo, si wazo la kitu kuongezeka idadi. Hapa ndipo njia za lugha hizi mbili zinapoachana: Kilatini kiliuliza mmea mpya umetoka kwa mama yupi, ilhali Kiswahili kiliuliza ni sehemu gani imekwisha kufunikwa.

Maji yakienea

Mfano ulio safi kabisa wa enea ni maji ya Mto Tana. Mto huu wenye urefu wa takriban kilomita 1,000 huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha hujimwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika sehemu ya chini nchi ni tambarare, na mto unapojaa maji hutoka kingoni na kutanda. Wakulima wa Kipokomo wamezoea tangu jadi kupanda mpunga na mazao mengine kwa kufuata maji haya: mafuriko hunywesha bonde, huacha tope lenye rutuba, na mbegu huingia ardhini maji yanapopungua.

Kwa mkulima wa aina hiyo, kauli 'mwaka huu maji yameenea' ina maana mbili kwa pamoja: maji yamefunika bonde, na maji yametosha. Hakuna neno jingine la Kiswahili ambalo lingezibeba zote mbili. Baada ya mabwawa ya Masinga (1981) na Kiambere (1988) kujengwa katika sehemu ya juu ya mto, mafuriko ya kawaida yalipungua nguvu, na tatizo la watu wa chini likawa maji kutoenea. Kinyume chake kilionekana wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafuriko yalipobomoa tuta za mradi wa mpunga wa Mamlaka ya Ustawishaji wa Mito ya Tana na Athi katika delta. Na tena Novemba 2023, maji yalipoikata barabara ya Lamu na Garsen upande wa Gamba. Mto uleule, kitenzi kilekile, lakini mara moja ni neema na mara nyingine ni msiba. Kitenzi chenyewe hakihukumu.

Ifahamike pia kwamba enea ni kitenzi kisicho elekezi. Hakihitaji yambwa, na hakimtaji mtu. Maji huenea, hakuna anayeyaeneza. Sifa hii inafaa sana kwa mto. Je, inafaa kwa mti?

Mathenge: ulienea au ulienezwa?

Mti unaojulikana kitaalamu kama Prosopis juliflora huitwa mathenge katika sehemu nyingi za Kenya. Asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Ulipandwa katika maeneo kame ya Kenya, yakiwamo Bura na Hola katika Tana River, mapema katika miaka ya 1980, kwa nia ya kupata kuni na kuzuia upepo na jangwa. Nia hiyo ilitimia kupita kiasi. Mifugo hula maganda yake matamu na kutoa mbegu kwa kinyesi mbali na mti mama. Maji ya mto na mafuriko huzibeba mbele zaidi. Leo vichaka vyake vyenye miiba vimefunga njia za maji, malisho na mashamba.

Maelezo mengi ya Kiswahili kuhusu jambo hili husema 'mathenge umeenea'. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na kwa kiasi fulani ni ya kweli, kwa sababu mbegu haikuomba ruhusa ya mtu ili kutoka Bura na kushuka na mto. Lakini mti haukufika Bura kwa kutembea. Uliletwa, ukapandwa, na watu wakahimizwa kuupanda. Kwa hatua hiyo ya kwanza kitenzi sahihi ni enezwa, na msikilizaji wa Kiswahili anaposikia enezwa huwa na haki ya kuuliza: na nani?

Swali hilo halikubaki la kisarufi. Wakaaji wa Baringo, ambako mti huohuo ulipandwa katika miaka hiyohiyo, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu mwaka wa 2006, na hukumu ikatolewa mwaka wa 2007. Mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mathenge alifikishwa mbele ya mahakama kama kielelezo. Ukiondoa istilahi za kisheria, moja ya hoja kuu za shauri lile ilikuwa ni tofauti ya kiambishi kimoja: kama mti ulienea, ni bahati mbaya ya maumbile; kama ulienezwa, kuna anayewajibika. Ni nadra mnyambuliko wa kitenzi kupelekwa mahakamani, na ni nadra zaidi shahidi wake kuwa mbuzi.

Kuzaliana bila kuenea

Katika Kiingereza cha biolojia, neno linalochunguzwa hutumika pia kwa viumbe kuzaa na kuongezeka. Hapa uenezi unapotosha waziwazi, na misitu ya Mto Tana inatoa ushahidi.

Kandokando ya mto, katika vipande vya misitu vilivyotenganishwa na mashamba na nyika, wanaishi aina mbili za kima ambao hawapatikani kwingine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hifadhi ilitengwa mwaka wa 1976 kwa ajili yao. Kima hawa huzaliana; hilo ndilo linalowafanya wawepo hadi leo. Lakini hawaenei. Msitu mmoja unapokwisha, nyika iliyo kati yake na msitu wa pili huwa kama bahari kwao. Mfasiri akiandika 'uenezi wa mbega' atakuwa amesema kinyume cha hali halisi, kwa kuwa tatizo la mnyama huyu ni kuwa na uzazi bila eneo.

Mathenge, kwa upande mwingine, una vyote viwili: huzaliana na huenea. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba zaliana na enea si visawe, wala si hatua mbili za jambo moja.

Mkono wa mpandaji

Maana ya asili kabisa, ile ya mkulima wa zabibu, ina msamiati mpana katika Kiswahili, na inashangaza kwamba ndiko uenezi hutumiwa kwa wingi katika vijitabu vya kilimo. Mkulima wa Ngao au Garsen hasemi kwamba anaeneza migomba. Hung'oa chipukizi lililoota ubavuni mwa mgomba na kulihamisha. Muhogo huukata vipande vya shina na kuvichomeka ardhini, na vipande hivyo huitwa mbegu ya muhogo ingawa si mbegu kwa maana ya biolojia. Mpunga husiwa kitaluni, miche ikang'olewa na kupandikizwa. Mwembe wa kienyeji huweza kupandikizwa kikonyo cha mwembe wa aina nyingine ili uzae matunda yanayotakiwa sokoni.

Kitenzi pandikiza kinastahili kuangaliwa. Kimejengwa juu ya panda, na viambishi vyake vinadokeza mkono unaoweka kitu mahali ambapo hakikuwapo. Si ajabu kwamba wanasiasa wamekiazima: mtu aliyeingizwa katika chama na mahasimu ili akivuruge huitwa pandikizi. Kilatini kilitoka shambani kikaenda kanisani. Kiswahili nacho kimetoka shambani, lakini kimeishia katika mikutano ya kuteua wagombea.

Maradhi

Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini-mashariki mwa Kenya baada ya mvua kubwa, na Tana River ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini, na wafugaji wakapoteza mifugo pamoja na masoko ya mifugo yao.

Namna homa hii inavyofanya kazi inahitaji vitenzi vinne. Virusi vyake huweza kukaa ndani ya mayai ya aina fulani za mbu yaliyotagwa katika udongo wa mabonde. Mayai hayo hustahimili ukame kwa muda mrefu, na mafuriko yakija huanguliwa mbu ambao baadhi yao wamekwisha kubeba virusi. Hapo virusi vimerithishwa. Ndani ya mwili wa mbuzi au ng'ombe, virusi huzaliana. Mnyama au mbu humwambukiza mwingine, na mchinjaji huambukizwa kwa kugusa damu. Hatimaye homa huenea kutoka tarafa hadi tarafa. Kitabu cha Kiingereza chaweza kuyaita mengi ya haya kwa neno moja bila msomaji wake kupotea. Msomaji wa Kiswahili akipewa uenezi katika nafasi zote nne hatajua kama ajihadhari na yai, mbu, damu au barabara.

Ambukiza kina tabia inayokitenganisha na enea: hakiridhiki bila mtendewa. Lazima awepo aliyeambukizwa. Kwa hiyo katika tangazo la afya, 'homa inaenea' hutoa habari tu, lakini 'homa huambukizwa kwa damu ya mnyama mgonjwa' hutoa onyo.

Sauti, nyimbo na imani

Kuhusu mawimbi maelezo mafupi yatatosha. Sauti na mwanga husafiri, na mtu aliye pembezoni mwa Garsen anayetafuta mawasiliano husema mtandao unashika au haushiki, hasemi kwamba mawimbi yameenezwa. Inafaa kutaja kando kwamba kitenzi sambaza, ambacho kwa asili ni kutawanya vitu kwenda pande nyingi, kimepata maana mpya nchini Kenya tangu miaka ya 2000 kutokana na huduma ya simu yenye jina hilo: mtu humsambazia mwenzake salio. Kilichokuwa cha wengi kimekuwa cha mtu mmoja.

Fasihi simulizi ina jambo zito zaidi. Wimbo wa taifa wa Kenya ulioanza kutumika mwaka wa 1963 umejengwa juu ya mahadhi ya bembea ya Wapokomo, na jina la Mzee Meza Galana linahusishwa na mahadhi hayo. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba bembea 'huenezwa kwa mdomo'. Lakini mama anayembembeleza mtoto haenezi chochote. Hampelekei jirani wimbo wala hatafuti eneo. Bembea hupokezanwa: bibi kwa mama, mama kwa binti. Pokezana ina kauli ya kutendana ndani yake, na kauli hiyo inasema kweli kuhusu jambo lenyewe, kwamba anayepokea leo ndiye atakayetoa kesho. Mwaka wa 1963 ndipo hasa mahadhi yalipoenezwa, kwa uamuzi wa serikali na kwa bendi, hadi yakaenea nchi nzima. Wimbo uleule umepitia vitenzi viwili, na tarehe ya mpito inajulikana.

Dini nayo ilienezwa kwa maana kamili ya neno. Wamishonari wa Kimethodisti walijenga kituo Golbanti, ambako mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa mwaka wa 1886 katika shambulio la Wamaasai. Mwaka uliofuata misheni ya Kijerumani ya Neukirchen ilianza kazi kwenye mto huohuo na kujenga makao Ngao. Ferdinand Würtz wa misheni hiyo akajifunza Kipokomo na kutafsiri sehemu za Biblia. Hapa kuna mtu, kuna nia, kuna safari na kuna chombo, na ndiyo maana eneza Injili ni kauli isiyo na dosari. Uislamu miongoni mwa Waorma na sehemu ya Wapokomo ulifuata pia njia za biashara, ndoa na ujirani, ambapo mara nyingi enea na silimu hufaa zaidi, kwani hakuna ofisi iliyotumwa.

Propaganda na uchochezi

Katika siasa za Tanzania uenezi ni neno la heshima. Chama cha Mapinduzi kwa miaka mingi kimekuwa na idara ya itikadi na uenezi. Nchini Kenya, neno la mkopo propaganda limechukua upande wa giza: anayesema 'hizo ni propaganda' anamaanisha kwamba ni uongo uliopangwa. Tana River ina mfano wake katika historia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa baada ya kukataa kazi ya sulubu. Taarifa ya serikali ya kikoloni iliyotolewa siku iliyofuata iliwafanya wasomaji waamini kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulionyesha majeraha ya kipigo, na suala likafika katika Bunge la Uingereza. Habari za maji zilienezwa na ofisi. Habari za kipigo zilivuja. Neno la kwanza lina mwenyewe, la pili lina tundu.

Kati ya Agosti na Desemba 2012, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika delta, katika vijiji kama Riketa, Kilelengwani na Kipao. Tume ya kimahakama iliundwa kuchunguza. Ni hapa ambapo uchaguzi wa neno una uzito mkubwa kuliko popote katika makala haya. Kauli ya Kiingereza yenye maana ya 'propagation' ya chuki yaweza kuingia Kiswahili kwa njia tatu. 'Kuenea kwa chuki' huifanya chuki kuwa kama maji ya mto: ilifurika, ikatanda, na hakuna wa kuulizwa. 'Uenezaji wa chuki' hurejesha mtu katika sentensi, kwa kuwa kiambishi -ji hutaja tendo la mara kwa mara lenye mtendaji. 'Uchochezi' huenda mbali zaidi. Kuchochea kwa asili ni kusukuma kuni motoni, na hivyo neno hukiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba moto ulikuwapo tayari, katika ugomvi wa muda mrefu juu ya malisho, mashamba na njia za kufikia maji, na kwamba mtu alikuja na kuni.

Uenezi wenyewe, neno ambalo mfasiri alilikimbilia mwanzoni, hauamui. Umetokana na eneza, hivyo una mtendaji ndani yake, lakini matumizi yake ya kiistilahi yameufifisha hadi msomaji hamwoni tena. Mfasiri wa ripoti ya aina hiyo hana budi kuuliza kwanza kama matini asilia inamjua mtendaji. Ikiwa inamjua, uenezaji au uchochezi ndilo jibu, na jina lifuate. Ikiwa matini imenyamaza kwa sababu ushahidi haukutosha, Kiswahili nacho kina namna yake ya kunyamaza bila kudanganya: chuki ilienezwa. Kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda huacha nafasi baada ya kitenzi, na msomaji huiona kuwa iko wazi.